Maji Kujaa na Kupwa: Elimu ya Bahari katika Maneno ya Pwani na katika Ramani za Wapimaji

Lugha ya Kiswahili ina majina mawili makubwa ya nchi inayopakana na bahari, nayo yote mawili yametokana na vitendo. Pwani ni mahali panapokupwa maji. Asili yake ni kitenzi -pwa kilichotiwa kiambishi cha mahali. Mwambao umetokana na kitenzi -ambaa, yaani kupita kando kando ya kitu bila ya kukigusa, kama chombo kipitavyo karibu na nchi. Jina la kwanza ni la mtu aliyesimama mchangani akiyatazama maji yakiondoka. La pili ni la mtu aliye chomboni akiitazama nchi ikipita. Hapana katika majina hayo hata moja linalotaja mstari usiosogea baina ya nchi kavu na bahari. Katika ramani ya bahari, kinyume chake, mstari huo ndio msingi wa mchoro wote.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kina cha maji katika mlango wa bandari hubadilika kila saa. Mtu akisema kuwa mahali fulani pana pima 2 za maji, bado hajasema neno lenye manufaa mpaka aeleze ni siku gani ya mwezi, na ni saa gani ya siku hiyo. Kina bila ya wakati chaweza kuua watu. Historia ya upimaji wa bahari katika Afrika ya Mashariki ni, kwa sehemu kubwa, historia ya namna mbili za kuuhifadhi wakati huo. Manahodha wa pwani waliuhifadhi katika kalenda na katika maneno. Wapimaji wa Kiingereza wa karne ya 19 waliuhifadhi kwa kuchagua kiwango kimoja cha maji na kuziandika tarakimu zote kwa kiwango hicho. Namna hizi mbili zilikutana mahali pamoja, nako ni katika neno bamvua.

Sababu ya maji kujaa na kupwa ni mvuto wa mwezi na wa jua. Mwezi, ingawa ni mdogo sana ukilinganishwa na jua, una nguvu zaidi katika jambo hili kwa kuwa u karibu; nguvu ya jua ni chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ambao ni muda wa mwezi kurudi mahali pale pale juu ya upeo wa mtazamaji. Ndiyo maana saa ya kujaa husogea mbele kila siku. Mwezi unapoandama na unapopevuka, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa mmoja hupunguza mvuto wa mwenziwe, na maji hupanda kidogo na kushuka kidogo: hayo ndiyo maji mafu. Mombasa na Unguja tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita meta 3, na katika bamvua kubwa, hasa karibu na Machi na Septemba, hukaribia meta 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi kadiri ya meta 1.

Kila bandari ina saa yake. Umbo la nchi, kina cha bahari na upana wa milango huyachelewesha maji au kuyaharakisha, hata bandari mbili za nchi moja zikatofautiana kwa saa nyingi. Lakini katika bandari moja saa hiyo haibadiliki sana kutoka mwezi hata mwezi. Mombasa na Unguja, siku ya mwezi mpevu na siku ya mwezi mpya, maji hujaa kabisa karibu na saa 10 ya alasiri na saa 10 ya alfajiri, na kupwa kabisa karibu na saa 4 ya asubuhi na saa 4 ya usiku. Kwa sababu hiyo siku za bamvua wanawake wa pwani hushuka kutafuta pweza na chaza jua likiwa limekwisha panda. Mtu anayejua saa hiyo moja, na kujua tarehe ya mwezi, aweza kuikisia saa ya kujaa ya siku yoyote kwa kuongeza kadiri ya dakika 50 kwa kila siku iliyopita.

Hapa yafaa kuangalia jinsi kalenda ya Kiislamu inavyolingana na kazi ya bahari. Mwezi hauhesabiwi kuwa umeandama mpaka uonekane kwa macho, na huonekana siku moja au mbili baada ya kukutana na jua. Bamvua nayo huchelewa kwa siku kama hizo. Basi siku za kwanza za mwezi wa Kiislamu ndizo siku za bamvua yenyewe, na siku za 15 hadi 17 ni za bamvua ya pili. Maji mafu huangukia karibu na siku ya 8 hadi ya 10, na tena ya 22 hadi ya 25. Mwenye kujua tarehe kwa ajili ya sala na saumu alikuwa amekwisha jua hali ya maji bila ya kutafuta kitabu kingine.

Lakini mwezi hauwezi kuhesabu pepo. Kusi na kaskazi hufuata jua, na mwaka wa miezi 12 ya mwandamo hupungukiwa na siku 11 hivi kwa kulinganishwa na mwaka wa jua. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa na hesabu ya pili, mwaka wa siku 365 unaoanza Nairuzi, au Siku ya Mwaka, na kugawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku. Hesabu hiyo ilitumika pote katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia aliyekikamilisha kitabu chake kikubwa karibu na mwaka 1490, aliziandika nyakati za safari kwa siku za Nairuzi. Basi nahodha alikuwa na kalenda mbili na hakuzichanganya: mwezi kwa maji, jua kwa upepo.

Msamiati wa ubaharia unaonyesha mpaka kama huo. Maneno yanayotaja matendo ya maji yenyewe aghalabu ni ya Kibantu: maji, wimbi, -jaa, -pwa, na jamaa yake -pwelewa, ambalo hutumika chombo kinapoachwa kavu na maji. Maneno ya vyombo vya kazi na ya vyeo vya watu yametoka ng'ambo: bildi, ambayo ni timazi ya risasi yenye kamba ya kupimia kina, na rubani, ni ya asili ya Kiarabu, nahodha na nanga ni ya asili ya Kiajemi. Inaelekea basi kuwa wenyeji wa pwani waliijua tabia ya maji kabla ya kupokea vifaa vya kupimia. Hata kipimo chenyewe, pima, ambacho ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, kinalingana na kipimo cha mabaharia wa Kiingereza cha futi 6, kwani nacho kilitokana na mikono ya mtu avutaye kamba.

Thamani ya elimu hii yaonekana vizuri zaidi kwa yule aliyeikosa. Aprili 6, 1498, merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikielekea Mombasa. Mmojawapo, São Rafael, ulipanda fungu karibu na mwambao wa Tanga, saa 2 kabla ya mapambazuko. Maji yalipokupwa, merikebu ikasimama kavu. Watu wa nchi wakaja kwa vyombo vyao wakaleta machungwa, na wawili kati yao wakabaki merikebuni hata Mombasa. Maji yaliporudi, São Rafael ukaelea.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, lakini hali ya maji haitajwi. Hesabu ya mwezi yaonyesha kuwa siku ile mwezi ulikuwa mpevu, katikati ya Shaaban, mwaka 903 wa Hijra. Saa 2 kabla ya mapambazuko ni karibu na saa 10 ya usiku, ambayo, kwa hesabu ya bandari za upande huu, ndiyo saa ya maji kujaa kabisa. Kwa hiyo merikebu ilipanda fungu wakati mbaya kuliko wote, maji yakiwa karibu na upeo wake. Chombo kinachokwama wakati maji yamepwa huokolewa na saa chache za subira. Kinachokwama wakati wa kujaa huhitaji maji yaliyo makubwa kuliko yale yaliyokipandisha. Kilichowasaidia Wareno ni kuwa bamvua huendelea kukua siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka. Laiti wangalipanda fungu siku 3 baadaye kwa saa kama ile ya kujaa, kila kujaa kungalikuwa kudogo kuliko kule kulikotangulia. Wareno hawakuwa wageni wa jambo hili, kwani Lisbon nako maji hujaa na kupwa. Lakini saa ya bandari moja haimfai mtu katika bandari nyingine, na mafungu ya Tanga hayakuwamo katika ramani yao. Januari 1499, katika safari ya kurudi, merikebu ile ile iliteketezwa kwa moto mahali pale pale, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha.

Jambo la pili linalompa taabu mpimaji ni mawimbi. Maji kujaa na kupwa huenda kwa hesabu. Mawimbi hayana hesabu ya namna hiyo. Wimbi la kawaida huzaliwa na upepo, na ukubwa wake hutegemea nguvu ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa bahari ulioupitia. Katika kina kirefu maji hayasafiri pamoja na wimbi. Kila tone huzunguka na kurudi karibu na pale lilipokuwa. Linaloendelea ni umbo. Kina kinapopungua kuliko nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya nafasi baina ya kilele na kilele, wimbi huanza kuigusa ardhi ya chini. Hapo hupungua mwendo, huinuka, na mwisho huvunjika. Mwamba wa matumbawe unaofuata sehemu kubwa ya mwambao ndio unaoyavunja mawimbi ya kusi yatokayo mbali. Walakini kazi ya mwamba nayo hutegemea maji: yakipwa, mwamba hujitokeza na kuyazuia mawimbi yote, bamvua ikijaa, mwamba huzama, na mawimbi hupita juu yake hata ufukoni. Kwa rubani, povu jeupe juu ya mwamba ni alama ya hatari inayoonekana. Mwamba uliofunikwa na maji yaliyotulia ni hatari isiyo na alama. Kwa mpimaji, chombo kinachopandishwa na kushushwa na mawimbi huifanya kamba ya bildi isome urefu tofauti kila mara, naye hana budi kutafuta wastani.

Upimaji wa mwambao huu kwa ramani za kisasa ulianza na safari ya Kapteni William Fitzwilliam Owen. Idara ya Ramani za Bahari ya Uanamaji wa Uingereza iliundwa mwaka 1795, na baada ya vita vya Napoleon ilipata merikebu na maofisa wa kutosha kwa kazi za mbali. Owen alipewa merikebu mbili, Leven na Barracouta, akafanya kazi katika pwani za Afrika hata mwaka 1826. Homa iliwaua mabaharia wengi, hasa katika ghuba ya Delagoa, na zaidi ya nusu ya wale walioondoka Uingereza hawakurudi kwao.

Kazi ya kupima ilikwenda hivi. Kwanza mahali pa alama za nchi kavu palijulikana kwa jua na nyota, na kwa saa maalumu zilizotunza wakati wa bandari ya kwao. Kisha pembe baina ya alama hizo zilipimwa kwa sekstanti, na ramani ikajengwa kwa pembetatu. Halafu mashua zilivuka huku na huku zikitupa bildi, na kila kina kikaandikwa pamoja na mahali pake. Chini ya bildi palipakwa shahamu, ili inase mchanga, tope au vipande vya matumbawe, na aina ya ardhi ikaandikwa pia, kwani nanga haishiki kila mahali. Wakati huo huo mti wenye alama za futi ulisimamishwa majini karibu na ufuko, na mtu akawekwa kuusoma. Usiku ukifika, kila kina kilipunguzwa kwa kadiri ya maji yaliyokuwa yamejaa saa ile kilipopimwa.

Kilipunguzwa hadi wapi? Hilo ndilo swali la msingi la ramani yoyote ya bahari. Desturi ya wapimaji wa Kiingereza wa karne ile ilikuwa kuchukua kiwango cha maji ya kupwa siku za bamvua kuwa sifuri. Sababu yake ni ya usalama: nahodha akisoma pima 3 katika ramani, awe na hakika kuwa kwa kawaida hatapata chini ya pima 3. Kwa njia hiyo kila tarakimu ya kina katika ramani hizo, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza, ilisimama juu ya jambo ambalo wavuvi walilijua kwa jina. Ramani haikuwa imeondoa wakati katika kina. Ilikuwa imechagua saa moja tu, saa ya bamvua iliyokupwa, na kuiganda.

Ramani hizo hazikuwa za bahari peke yake. Owen alipofika Mombasa Februari 7, 1824, alikuta bendera ya Kiingereza imekwisha pandishwa juu ya Ngome ya Yesu. Wamazrui, waliokuwa wakibanwa na Sayyid Said, walikuwa wamejitafutia ulinzi. Owen aliukubali bila ya idhini ya serikali yake, akamwacha Luteni John James Reitz kuwa msimamizi. Reitz alikufa mwaka ule ule, na ulinzi ukafutwa mwaka 1826, lakini jina lake lilibaki katika ramani: ghuba ya ndani ya Kilindini huitwa Port Reitz hata leo. Kilindini yenyewe ni jina la aina nyingine, kwani maana yake ni mahali penye kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Katika kipande kimoja cha maji pana jina moja linalomweleza baharia habari ya kina, na jina jingine linalomkumbusha marehemu mmoja.

Ulaya nako, wakati huo, elimu ya kubashiri maji ilikuwa bado ikijengwa. Isaac Newton alieleza sababu yake mwaka 1687. Laplace aliweka hesabu zake karibu miaka 100 baadaye. Na majedwali ya maji ya Uanamaji wa Uingereza yalianza kutolewa mwaka 1833, kwa bandari chache za Uingereza yenyewe. William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alibuni katika miaka ya 1870 mashine ya kujumlisha mizunguko mingi ya jua na mwezi na kuchora maji ya mwaka mzima. Hesabu hizo zilileta jambo ambalo kalenda ya mwezi haikuweza kulionyesha: kuwa bamvua zenyewe hukua na kupungua katika mzunguko wa miaka 18.6, kwa sababu njia ya mwezi huinama zaidi au kidogo. Kwa hiyo ramani za siku hizi nyingi hutumia kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuletwa na jua na mwezi katika mzunguko huo wote. Katika karne ya 20 bildi ilipokewa na mwangwi wa sauti, na meli ya kupima iliyoitwa Owen ikashiriki katika uchunguzi wa kimataifa wa Bahari ya Hindi wa miaka ya 1959 hadi 1965. Siku hizi vipimo vya kudumu husoma maji ya Mombasa na Unguja, na satelaiti huupima uso wa bahari kutoka juu.

Wingi wa vyombo hivi haukuondoa haja ya kuijua saa ya bandari. Desemba 26, 2004, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilizusha mawimbi ya tsunami, ambayo hayatokani na upepo wala na mwezi. Yaliufikia mwambao wa Afrika ya Mashariki baada ya saa 8 hadi 9, mchana. Somalia watu karibu 300 walikufa. Tanzania hawakupungua 10. Kenya alikufa mtu 1. Umbali na visiwa vya katikati vilisaidia, lakini kulikuwa na sababu nyingine. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, kama siku ya São Rafael, na maji yalikuwa yamekupwa sana asubuhi; mawimbi yalipofika Kenya yaliyakuta bado yako chini, na mwamba ukafanya kazi yake. Lau yangalifika saa 10 ya alasiri, yangaliikuta bamvua imejaa na mwamba umezama.

Kwa wanaoshughulika na lugha, mambo haya yana funzo. Kamusi nyingi huyaeleza maneno bamvua na maji mafu kwa kutaja jina la jambo hilo katika lugha ya kigeni, zikaishia hapo. Maelezo hayo si makosa, lakini yameacha nusu ya maana, kwani neno bamvua kinywani mwa mvuvi lina tarehe na saa ndani yake. Vivyo hivyo, mwandishi wa vitabu vya shule anayetunga istilahi mpya za maji kujaa na kupwa, au anayeyaita hayo mawimbi, huwaachisha wanafunzi maneno yaliyo sahihi zaidi kuliko yake. Wazee wanaojua siku za maji kwa kuutazama mwezi wazidi kupungua, na jedwali lililochapishwa halimlazimu mtu kulijua jina la siku. Yapasa basi kwamba maneno hayo yakikusanywa, kila moja liandikwe pamoja na bandari lilikosemwa, siku ya mwezi linayoitaja, na saa ya maji yake, kama vile mpimaji asivyoandika kina bila ya kuandika saa.